Nukta Nyekundu ya Profesa Bidegain

Profesa Heber Bidegain alifundisha takwimu, na alikuwa amezaliwa, akakua na kuoa katika mji uitwao Treinta y Tres, yaani Thelathini na Tatu. Mzaha huo alikuwa ameshaumaliza mwenyewe zamani kabla watu hawajamwahi. Kila mwaka, siku ya kwanza ya darasa, alisema kwamba yeye ndiye mwanatakwimu pekee wa Uruguay aliyezaliwa ndani ya namba, na wanafunzi walicheka kwa adabu. Tangu darasa lihamie mtandaoni hakujua tena kama wanacheka au la. Aliusema mzaha wake, akatazama miraba myeusi yenye majina, na miraba ikamtazama.

Hakuwalaumu kwa kuzima kamera. Wanafunzi wenyewe wametapakaa, huyu yuko Vergara, yule Charqueada, mwingine yuko ndani huko kwenye ng'ombe wengi na watu wachache, ambako ukiwasha kamera mtandao unakata roho. Lakini mtu aliyezoea kufundisha nyuso, ukimpa miraba, anakuwa kama mpishi aliyepoteza ulimi. Heber alikuwa anapika tu na kupakua, akijisifu kimoyomoyo kwamba hakuna aliyelalamikia chumvi.

Ndipo Bi. Estela Curbelo, mkuu wa kitivo, alipoleta chombo kipya. Kila mwanafunzi angeona chini ya kioo chake vitufe viwili, kijani cha kusema naelewa na chekundu cha kusema nimepotea. Mwalimu naye angeona safu ya nukta, nukta moja kwa kila aliyeingia darasani, bila jina. Darasa likianza nukta zote huwa kijani, na inayobonyezwa nyekundu hubaki nyekundu mpaka mwenyewe aibadilishe. Bi. Curbelo alieleza hayo kwa sauti tamu, kisha akamalizia na yaliyo machungu: mwisho wa muhula, mwezi wa saba, baraza la kitivo litaingia kwenye darasa la mwisho kutazama nukta hizo. Likiridhika, Heber ataendelea kufundisha moja kwa moja. Lisiporidhika, somo litachukuliwa na video za Wáshington Olivera wa Montevideo, na Heber atabaki kujibu maswali ya kuandikwa mpaka siku ya kustaafu.

Wáshington Olivera alikuwa na taa tatu usoni na nywele zisizotikisika. Heber alizitazama video zake zote kwa siri, akitafuta kosa, na kwa bahati mbaya hakuliona. Hilo lilimuuma kuliko kama angelikuta kosa. Kufundisha ndiyo kazi pekee aliyokuwa akiiweza duniani, maana hata moto wa kuchomea nyama mkewe humwashia. Kumwondoa kwenye darasa ni kumwacha na pajama na redio, na aliogopa, ingawa mbele za watu alisema ni upuuzi wa watu wa ofisini.

Fundi wa chuo alimshauri afungue darasa pia kwenye kishikwambi chake cha zamani, aingie kama mwanafunzi, ili aone wanavyoona wao. Heber akafungua. Siku ya kwanza kabisa kishikwambi kikawa kinamrudishia sauti yake mwenyewe, naye hakuipenda. Akazima sauti, akashusha mwanga mpaka kioo kikawa cheusi, akakilaza mezani upande wa kulia, akakisahau. Kishikwambi hakikumsahau. Kila darasa lilipofunguliwa nacho kiliingia, kimya kimya.

Sasa, meza yenyewe ilikuwa ya mti wa jozi, mirathi ya Nilda, mkewe, kutoka kwa mama yake. Nilda alikuwa ameshatangaza kwamba themosi ikiwekwa juu ya meza hiyo na kuacha duara la maji, atakayehama nyumba si meza. Na mtu wa kwetu hafundishi bila themosi ya maji moto kwapani au pembeni, na kibuyu cha yerba, majani yetu ya chai chungu, mkononi, akivuta kwa mrija wa chuma. Huo si utamaduni tena, ni kiungo cha mwili. Heber akatafuta pa kuiweka themosi, akaona kitu bapa, cheusi, kisicho na kazi. Akaiweka hapo, chuma chake kikiwa na majimaji na joto, juu ya ile pembe ya kioo yenye kitufe chekundu, kile cha kijani kikiwa jirani.

Wewe msomaji umeshaelewa. Heber, mwenye shahada tatu, hakuelewa.

Somo lake la kwanza halibadiliki. Huwasimulia wanafunzi habari za mzee Ceferino, aliyekuwa akiuza ndama mnadani, na ndama wake walikuwa wazito kuliko ndama wa mtu yeyote katika wilaya, mpaka siku moja mnunuzi alipotazama chini akaona kiatu cha Ceferino kimekanyaga ukingo wa mizani. Mafunzo ya kisa hicho ni kwamba kabla hujaiamini namba, nenda katazame mizani imekanyagwa na nani. Siku hiyo Heber alikisimulia vizuri mno, hata akajipenda. Akajimiminia maji kwenye kibuyu, akairudisha themosi mahali pake, akainua macho kuzifurahia nukta zake. Zote zilikuwa kijani, isipokuwa moja.

Akashangaa ni nani anayeweza kupotea kwenye hadithi ya ndama. Akairudia kwa ufupi. Nyekundu. Akairudia kwa urefu, akaongeza na rangi ya kiatu. Nyekundu. Darasa lilipokwisha, zile za kijani hata hakuzikumbuka, kwa sababu hiyo moja ilikuwa imemkaa moyoni kama kokoto kwenye kiatu.

Wiki za mwanzo alimdharau. Alimwambia Nilda kwamba katika kila zizi kuna ndama mmoja anayekwenda kinyume, na kwamba huyo ni mvivu aliyelala juu ya kitufe. Nilda alimuuliza kama amejaribu kumuuliza mwenyewe. Heber akamweleza kwa subira kwamba chombo hakitoi majina, ndiyo uzuri wake. Nilda akasema basi ni uzuri wa ajabu, akaendelea kumenya viazi.

Dharau ilipokwisha ikaja shaka. Nukta ile ilikuwa nyekundu mno, kila darasa, bila kukosa hata mara moja, na hakuna mwanafunzi anayefanya jambo lolote bila kukosa. Heber akafikiri kwa kina, kama mwanasayansi, akafikia uamuzi kwamba ni mpelelezi. Ametumwa na Wáshington Olivera. Kilichomthibitishia ni kwamba nukta ilizidi kukaidi kila alipokasirika, na kweli, kwa sababu akikasirika hunywa sana, na akinywa sana huinua themosi na kuitua kwa kishindo.

Siku moja uvumilivu ukamwisha. Katikati ya somo la wastani akavua miwani, akasogea karibu na kamera mpaka pua ikajaa kioo, akasema:

"Kuna mtu humu katoka Montevideo. Anajijua. Alichokuja kukitafuta mimi nakijua. Namwomba kwa heshima atoke, asituharibie darasa."

Kisha mraba mmoja ukatoweka. Heber akahisi ushindi mpaka kwenye vidole vya miguu, akatazama safu ya nukta, na ile nyekundu ilikuwa palepale.

Aliyetoka alikuwa Maikol Píriz, kijana ambaye wazazi wake walihama kutoka Montevideo mwaka uliotangulia kuja kufungua duka la matairi. Alikuwa ameshajua tangu zamani kwamba wenyeji hawampendi kwa matamshi yake, na sasa profesa mwenyewe kalisema hadharani. Heber alimpigia simu mchana huo, akaomba radhi, akaomba tena, akajikuta anamweleza mama yake Maikol, kisha baba yake, kisha anaagiza matairi mawili ambayo gari lake halikuyahitaji. Maikol akarudi darasani. Nilda aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, na Heber, baada ya kununa kidogo, alikubali kwamba kweli alistahili kuchekwa.

Tangu hapo moyo wake ukalainika. Akamwita yule wa nyekundu Mpotevu, na jina likamtoka siku moja mbele ya darasa. Alikuwa amemaliza kueleza kitu akasema, "Haya, Mpotevu wetu bado hajafika, tumngojee," na kwa mara ya kwanza tangu wahamie mtandaoni akasikia mtu akicheka kwa sauti. Akawa sasa anaandaa masomo kwa ajili ya mtu mmoja. Kanuni alizozoea kuzimwaga kama mahindi kwa kuku, akawa anazileta moja moja, akizimenya. Wastani na namba ya kati alizifundisha kwa mbavu za kuchoma: watu kumi mezani, shemeji mmoja kala nusu ya ng'ombe, wastani unasema wote mmeshiba, na wewe una njaa. Mtawanyiko aliufundisha kwa mabasi ya kwenda Vergara. Na Mpotevu alipobaki nyekundu, Heber alitafuta njia ya tatu, na ya nne, bila kuinua sauti.

Nilda alisimama mlangoni siku moja akisikiliza, na alipoona darasa limekwisha akamuuliza:

"Mzee, unaongea na nani kwa upole hivyo? Mimi hujawahi kunieleza kitu mara mbili tangu tuoane."

"Na mwanafunzi mmoja."

"Mzuri?"

"Simjui hata uso."

"Afadhali," akasema Nilda. "Maana ningeanza kumwonea wivu."

Wanafunzi nao wakamchukua Mpotevu kama mdogo wao. Akina Leticia Techera wa Charqueada, msichana mwenye sauti ya chini ambaye zamani hakusema ila "nipo" wakati wa majina, wakawa wanadakia. Prof, Mpotevu hajaelewa hapo. Prof, mrudishie Mpotevu ile ya basi. Maikol akaleta mifano ya matairi yanayopasuka. Heber alikuwa na furaha aliyokuwa hajaijua kwa miaka, na pembeni yake alikuwa na hofu, kwa sababu mwezi wa saba unakaribia na nukta haibadiliki. Baraza litakuja, litaona mtu mmoja ambaye profesa kashindwa kumfikisha muhula mzima, na mtu mmoja anatosha kwa watu wanaotafuta sababu.

Darasa la mwisho likaangukia siku ya mvua, na mvua ikinyesha kwetu lazima jikoni kukaangwe mikate. Nyumba nzima ilinukia mafuta. Bi. Curbelo akaingia na wajumbe wake, kamera zimewashwa, nyuso zimekaa kama za watu waliokuja kuhani msiba. Akaomba safu ya nukta ionyeshwe kwa wote, baraza na wanafunzi. Heber akaionyesha. Akajimiminia maji macho yakiwa kwa Bi. Curbelo, mengine yakamwagika, akatua themosi. Nyekundu moja ikawaka, mbele za watu wote.

Somo lilikuwa la sampuli. Heber akafundisha kwa sufuria ya mchuzi wa nyama na viazi: ukitaka kujua kama chumvi imekolea hunywi sufuria nzima, unaonja kijiko kimoja, ila sharti kwanza ukoroge mpaka chini. Asiyekoroga huonja maji ya juu tu, akadhani kapika. Alieleza vizuri. Akamgeukia Mpotevu akaeleza tena kwa namna nyingine, polepole, akisahau kabisa kwamba kuna baraza. Alipomaliza alikuwa na koo kavu. Akainua themosi, akaona chini yake maji yamezagaa, akamkumbuka Nilda na meza yake, akafuta haraka haraka kwa mkono wa sweta.

Nukta ikawa kijani.

Darasa likalipuka. Miraba ambayo haikuwahi kutoa sauti ikapiga kelele, mtu mmoja huko Vergara akapuliza honi, mioyo na mikono ya makofi ikapanda juu ya kioo kama povu. Mjumbe mmoja wa baraza, mtu mzima wa hesabu za fedha, akaonekana anapangusa jicho. Heber alisimama na themosi hewani, machozi yanamlenga. Kisha, kwa kuwa mkono ulichoka, akaitua.

Nyekundu.

Akainua, akafuta. Kijani. Akatua. Nyekundu. Akainama, na ndani ya weusi wa kioo kilicholowa akaona, kwa mbali sana kama mtu anayejiangalia kisimani, uso wake mwenyewe unafundisha.

"Heber," akasema Bi. Curbelo, "huyu mwanafunzi ni nani? Tunaomba ajitokeze, tumpongeze."

Heber alikuwa bado amekiinamia kioo. Ndipo Leticia Techera akasema:

"Ni mimi."

"Samahani, ni mimi," akasema Maikol.

"Hata mimi," ukasema mraba mmoja ambao haukuwa umewahi kusema kitu.

Heber akaelewa kwamba watoto wanamwokoa. Wamejua kuna jambo limeharibika, na wanasimama mbele yake, kila mmoja anabeba lawama isiyo yake. Ilimgusa mpaka akaona haya. Na njia ilikuwa wazi: angesema asanteni, angezima, angebaki na somo lake. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini akamwona mzee Ceferino amesimama mnadani na kiatu chake juu ya mizani, kisa alichokisimulia kila mwaka tangu ana nywele. Nyani haoni kundule, ila siku hiyo kundu lilikuwa limewekwa mezani na linatoa mvuke.

Akavinyanyua vyote viwili mbele ya kamera, themosi mkono huu, kishikwambi mkono ule.

"Jamani, Mpotevu ni huyu," akasema. "Chuma kitupu. Muhula mzima nimekuwa nikiifundisha themosi yangu takwimu. Na kama mnavyoona, bado haijaelewa."

Kikalipuka kicheko ambacho Heber hataki kukikumbuka na hawezi kukisahau. Bi. Curbelo alivua miwani akainamia meza. Nilda, aliyekuwa ameingia na sahani ya mikate, akaonekana na baraza zima nyuma ya mumewe akisema kwamba alimwambia tangu mwanzo aiweke jikoni. Wajumbe wakaaga bila kusema watakachoamua, maana waliokuwa na uwezo wa kusema walikuwa wachache.

Miraba ikazimika mmoja mmoja. Ikabaki miwili.

"Prof," akasema Leticia, "mimi sikusema uongo."

Heber akamwambia asijali, ameshaelewa, ni wema wao. Leticia akasema tena, safari hii bila ile sauti ya chini:

"Hujaelewa, Prof. Mimi nilikuwa nimepotea kweli. Tangu ile siku ya ndama. Ila ulivyoirudia hadithi ile nikajua kuna mmoja kashabonyeza, nikasema basi, huyu ananiulizia na mimi. Kila ulipomrudia yeye ulikuwa unanirudia mimi."

"Kwa nini hukubonyeza? Hakuna jina pale."

"Hakuna jina, lakini kwetu watu wanajua. Mmoja akiwa nyekundu, ni bahati mbaya. Wakiwa wawili, wanaanza kutafutwa. Bibi yangu husema mficha uchi hazai, nami najua ni kweli, lakini nilificha hivyo hivyo."

"Na mimi," akasema Maikol. "Mimi hasa, baada ya yale ya Montevideo."

Heber alilipokea hilo. Akauliza mko wangapi.

"Sijui, Prof," akasema Leticia. "Wewe ndiye mwanatakwimu."

Walipoondoka, Heber hakuinuka. Kuchekwa na baraza hakukumuumiza sana, maana kujicheka alikuwa amezoea, na mtu anayejicheka kwanza huwaachia wengine makombo. Hili hakuweza kulicheka. Nukta zote za kijani alizozihesabu kama nishani zilikuwa zinamstahi tu, na katika safu nzima, iliyosema ukweli ilikuwa themosi peke yake. Kabla ya hapo, darasani kwenye ubao wa kweli, ni nyuso ngapi zilikuwa kijani za namna hiyo? Miaka yote hiyo alikuwa ameonja maji ya juu bila kukoroga. Nilda alimletea mkate wa kukaanga, akamtazama, akauweka juu ya meza ya mama yake bila sahani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mtu yeyote. Heber akaula ukiwa umepoa.

Bi. Curbelo alipiga simu baadaye. Baraza lilibishana. Mmoja alisema mtu aliyeshindwa kutofautisha mwanafunzi na chupa hafai kufundisha takwimu, na hoja hiyo, akakiri, ilikuwa ngumu kuijibu. Yeye akawajibu kwamba video za Olivera ni nzuri sana, ila chupa ikipotea mbele ya video, video inaendelea. Wakampa Heber muhula wa pili. Mjini kisa kilimtangulia kila alikokwenda. Mwuza nyama alimuuliza kama themosi imefaulu, naye akajibu kwamba imefeli, itarudia mtihani Februari.

Mwezi wa nane darasa jipya likaanza, wanafunzi wengine, miraba ileile. Nilda alikuwa amemnunulia kisahani cha mbao cha kuwekea themosi, kimechongwa vizuri, hakiachi duara. Heber akakiweka mezani, akakisifia. Kishikwambi akakilaza upande wa kulia, safari hii mwanga umewashwa. Akasimulia ndama, akaingia kwenye kanuni ya kwanza, na kwa kuwa uzee una tabia, akaimwaga yote kwenye ubao wa mtandaoni kwa mkupuo kama zamani. Akainua macho. Safu nzima kijani, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nzuri kama shamba la mpunga.

Zamani angenenepa kwa kijani hicho. Akakitazama, akajimiminia maji, akakisogeza pembeni kisahani cha Nilda, akaitua themosi juu ya kioo. Nukta moja ikawa nyekundu.

"Hiyo ni yangu," akawaambia. "Najua mmeshasikia, mji wenyewe mdogo. Basi ndiyo hiyo themosi. Nimeiweka makusudi, kwa sababu nilivyoeleza sasa hivi hata mimi sijaelewa. Tutakuwa wawili, mimi na yeye. Mwingine akitaka kuja, karibu, hapa hatafutwi mtu."

Akangoja. Hakuna kilichotokea, na alikuwa tayari kujicheka kwamba kajidhalilisha bure mbele ya watoto wa watu. Akavuta yerba mpaka kibuyu kikakoroma. Kisha, mbali upande wa pili wa safu, nukta ya pili ikawa nyekundu. Heber alitazama mkono wake wa kulia, akatazama themosi, ilikuwa moja tu. Ikaja ya tatu.

Akafuta ubao wote, akaanza upya.